Msala Usio na Kopo

Mwaija binti Mwinyijuma wa Magomeni, Bagamoyo, alikuwa na maadui wawili duniani: shetani, ambaye ni adui wa kila mja, na mlango wa msala wake mwenyewe. Huyo shetani Mwaija alimlaani kila aliposimama kusali, pamoja na waumini wenzake. Mlango aliulaani peke yake, kila alipokwenda haja.

Mlango wenyewe, tuseme haki, haukuwa umemkosea mtu. Ulikuwa wa bati, umepigiliwa kwenye fremu ya mbao, ukingo wake wa chini umeliwa na kutu, na badala ya komeo ulikuwa na ndoano ya waya. Aliyekuwa ndani aliishika ndoano kwa mkono mmoja, na shughuli iliyomleta akaimaliza kwa mkono uliobaki. Nyumba nzima ilikuwa imezoea. Mlango ungeweza kufa kifo chake cha kawaida, cha kutu, bila kutajwa na mtu, kama isingekuwa ile posa ya kwanza ya Sabiha.

Sabiha ndiye binti pekee wa Mwaija. Aliyekuja kumposa mara ya kwanza aliitwa Haidar, kijana mwenye lori la kubeba mananasi kutoka Fukayosi na ulimi wa kubebea kila kitu kingine. Alianza kumwita Mwaija "mama" kabla hajavua viatu. Mwaija alimpenda papo hapo. Wako wanaopendwa kwa nanasi moja, na Haidar alileta tenga zima.

Wanawake wa upande wa Haidar wakaja kumwona binti. Wakala, wakanywa, mmoja wao akaomba kuonyeshwa msalani, akaenda, akarudi, wakashukuru na kuaga. Baada ya hapo kimya. Kisha siku moja Bwanausi, mume wa Mwaija, akarudi kutoka soko la samaki na habari kwamba posa imevunjika. Bwanausi ni mnadi wa samaki. Akiwa sokoni sauti yake huwafikia hata wale ambao hawana haja ya samaki, lakini akifika nyumbani neno lake kubwa ni "haya." Mwaija alimbana aseme sababu. Bwanausi akatazama dari, akatazama uani, akajibu kwamba, alivyosikia yeye, wale wanawake walisema habari ya mlango wa msala.

Mwaija aliamini mara moja. Nani asingeamini? Watu wa pwani tuna adabu zetu. Mwanamke aliyetumwa kuchunguza nyumba ya watu hashughuliki na sebule. Sebule ni uongo mtupu: makochi yanaazimwa, mapazia yanaazimwa, hata picha ya Makka ukutani yaweza kuwa ya jirani. Mwanamke mwenye akili hunywa kikombe chake nusu, akainuka taratibu, na kuuliza msala uko wapi. Akitoka huko anajua kama watu wa nyumba hiyo wanaoga, wanafua, wanagombana, na kama binti atawatunza wakwe zake wakiugua. Sebuleni amekaa kwa adabu tu. Taarifa yake ameichukua uani.

Basi tangu siku ile Mwaija akaishi na aibu ya bati. Alipopita mbele ya wanawake wenzake arusini aliona wote wanawaza ndoano ya waya. Sabiha akapita miaka ya wenzake kuolewa, akawa fundi cherehani mwenye wateja wengi, na kila mwaka uliopita mama yake aliuandikia mlango deni jipya.

Halafu posa ya pili ikabisha hodi, na safari hii haikuwa ya mananasi.

Kijana aliitwa Azan, mtoto wa Mzee Hamed, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule mjini. Ni watu wenye asili ya Omani, wametulia Bagamoyo tangu enzi za mababu, wapole, washika dini, na wote wanamsikiliza mtu mmoja tu: Bi Ibtihal, dada yake Mzee Hamed. Bi Ibtihal hakuolewa tena baada ya kufiwa, akajitolea maisha yake kuwaoza watoto wa ndugu. Inasemekana ameingia misala mingi ya Bagamoyo kuliko bwana afya. Akiridhika, fatiha inasomwa. Asiporidhika, hakuna kelele wala matusi. Watu wanaacha tu kuja.

Mama mwingine angeuliza kijana ana tabia gani, anasali, anavuta sigara. Mwaija alipoletewa habari aliuliza wanakuja lini, na macho yake tayari yalikuwa uani.

Kuhusu msala, Mwaija hakutaka ushauri wa mtu, maana alijiona bingwa. Alikuwa akifanya kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya ufukweni, na bafu za wageni alizijua kama kiganja chake. Alijua kukunja taulo zikafanana na bata. Alijua kukunja ncha ya karatasi ya chooni ikawa pembe tatu, kazi ambayo hadi leo hakuna aliyemweleza faida yake, lakini msimamizi huikagua kwa macho makali kuliko ya watafuta mwezi mwandamo. Alichojifunza hotelini ni kwamba bafu la watu wa maana halionyeshi dalili yoyote kwamba kuna mtu hulitumia.

Vifaa hakuvinunua Bagamoyo. Angevinunua wapi, katika duka la Mzee Hamed? Bi Ibtihal angevitambua vyote na kujua vimepachikwa jana. Kwa hiyo akapanda basi hadi Kariakoo kununua vitu vilevile, vya mzigo uleule kutoka China, apate na kuvibeba kichwani.

Alirudi na pazia la bafuni lenye picha za pomboo wanaoruka. Alirudi na zulia la manyoya ya waridi la kuweka chini, mahali panapolowa kila saa. Alileta kioo cha mviringo, chupa ya sabuni ya maji ya kubonyeza, brashi ya choo yenye nyumba yake nzuri kuliko banda la kuku, kishikio cha karatasi kinachong'aa, na rafu ya kuganda ukutani kwa vikombe vya mpira, ambayo muuzaji aliapa kwamba haitang'oka hata kwa gharika. Akaleta na maua ya plastiki. Kwa heshima ya dini akaongeza shatafu, ule mpira wa kujisafishia wenye kichwa cha chuma, na akaufunga kwenye bomba. Hapo akaona amemaliza upande wa Mungu na upande wa wanadamu.

Bwanausi aliambiwa apake rangi, akapaka. Aliambiwa atafute fundi wa mlango mpya wa mbao wenye komeo la kweli, akamleta. Mara moja tu alijaribu kusema kwamba wahenga walisema nyumba njema si mlango, na Mwaija akamjibu kwamba wahenga hao hawakuwahi kushika ndoano ya waya. Bwanausi akasema "haya" na kurudi kwenye brashi yake, kwa unyenyekevu ambao mke mwenye nafasi ya kufikiri angeutilia shaka. Mlango wa bati ukang'olewa na kutupwa juu ya banda la kuku, uwe paa.

Ilibaki takataka ya mwisho. Pembeni mwa msala ule, miaka yote, kulikuwa na pipa la bluu la maji, ndoo, na kopo. Kopo lilikuwa dumu la mafuta ya kula lililokatwa kwa kisu cha moto, kingo zake zimeungua, mkono wake umefungwa kamba ya katani. Jina la mafuta lilikuwa limefutika kwa kushikwa. Hakuna mtu wa nyumba ile ambaye kopo lile halikumjua. Mwaija alilitazama likiwa limekaa chini ya pomboo, akaona haya kwa niaba ya pomboo.

Sabiha alimwuliza kama ana hakika. Mwaija akamwambia kwamba katika miaka yake yote ya hoteli hajaona kopo bafuni. Sabiha akasema wageni wa hoteli hawaji kuposa. Mama mtu akaona huo ni ubishi wa msichana aliyekaa sana nyumbani, na alasiri hiyohiyo pipa na maji yake, ndoo na kopo vikahamishiwa uani kwa jirani yao, Tabia, vikafunikwa kwa khanga kuukuu kama maiti. Bomba lilikuwapo. Asubuhi ya siku ya wageni Mwaija alilifungua, maji yakatoka kwa nguvu, akalifunga akiwa ameridhika. Anayeishi Magomeni anajua kwamba maji ya bomba yakitoka asubuhi maana yake ni kwamba mchana hayatatoka. Mwaija alilijua hilo maisha yake yote na siku hiyo akalisahau, kwa sababu hotelini kuna tanki.

Wageni walifika baada ya adhuhuri. Wanaume wakakaa barazani: Mzee Hamed na tasbihi yake, Azan katika kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na Bwanausi akiitikia "haya" kila upande. Wanawake wakaingizwa ndani. Bi Ibtihal alikuwa mama mnene kiasi, mtulivu, mwenye buibui lililofukizwa udi na sauti ya chini ambayo kila mtu aliinamisha kichwa ili aisikie. Mwaija akamwamkia, akaitikiwa marahaba. Tabia alikuwapo kusaidia kupokea, kwa maana ya kukaa na kuona.

Vitu vilipita: sambusa, vitumbua, sharubati ya ukwaju, na chupa za maji ya kunywa, moja mbele ya kila mgeni. Sabiha akaja kusalimia, akabusu mikono, akarudi jikoni. Bi Ibtihal akanywa sharubati nusu bilauri. Akaiweka chini. Akauliza, kwa sauti ileile ya chini, msala uko wapi.

Mwaija alisikia moyo wake ukigonga kama hodi. Alimwongoza mwenyewe mpaka uani, akafungua mlango mpya, na moshi wa ubani aliouacha humo ukawatangulia kutoka. Pomboo waliruka. Ncha ya karatasi ilikuwa pembe tatu. Bi Ibtihal aliangalia kote, polepole, akasema "mashallah," akaingia, na komeo likalia. Mwaija alitamani Haidar na mama zake wote wangekuwapo kulisikia komeo lile.

Akarudi sebuleni kusubiri ushindi.

Hapa ni lazima tukumbushane jambo. Msalani hapasemwi. Ndivyo tulivyofunzwa tangu tukiwa watoto wa kushikwa mkono: mtu akiwa humo hatamki neno, hata akipewa salamu haitikii, na jina la Mungu ndiyo kabisa halitajwi. Akisikia hatua zinakuja anakohoa, na aliye nje akisikia kikohozi anageuza njia. Ni adabu nzuri na imewastahi watu wengi. Na Bi Ibtihal, katika umri wake wote, hakuwahi kuivunja.

Kikohozi cha kwanza kilisikika mapema. Mwaija akadhani kuna mtu anasogelea uani, akawahi kuchungulia. Hapakuwa na mtu ila kuku, akamfukuza kuku. Cha pili kilikuja kikubwa zaidi, viwili kwa pamoja. Mwaija akaona mgeni wake anapata haya kwa sababu watu wako karibu, akamwashiria Tabia aongeze sauti ya redio. Kasida ikajaa nyumba nzima. Kikohozi cha tatu kilipita juu ya kasida. Kwa heshima kubwa Mwaija akaufunga mlango wa kwenda uani, ili Bi Ibtihal astarehe kabisa.

Tabia, ambaye huwa haachi ugonjwa wa mtu upite bila dawa, akanong'ona kwamba mama wa watu ana kifua kibaya na asiachwe hivihivi. Mwaija akakubali. Akaenda jikoni, akatwanga tangawizi, na kwa kuwa bomba la jikoni nalo lilikuwa limeshaanza kutoa hewa tu, akamimina kwenye sufuria maji yote yaliyobaki ndani ya mtungi. Akayachemsha yakachemka vizuri. Akatia asali ya Handeni, akakipanga kikombe juu ya sahani yenye maua, na akatoka uani akiwa amekishika kwa mikono miwili, akijipongeza kwa ukarimu wake. Na ndani ya msala, vikohozi vilikuwa vimekoma.

Kimya hicho ndicho kilichomsimamisha. Alisimama hatua chache kutoka mlango mpya, mvuke wa tangawizi ukimpanda usoni. Ndani kikasikika kishindo: rafu ya gharika ilikuwa imeshuka ukutani na vyote vilivyokuwamo. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha ya mwanamke yule mcha Mungu, kutoka mahali ambapo hapasemwi, likatoka neno moja, la chini, lililo wazi.

"Maji."

Mwaija hakuanguka. Aliangalia kikombe mikononi mwake na akaelewa yote kwa mpigo: bomba, shatafu iliyobaki kuwa pambo, karatasi yenye pembe tatu, na Bi Ibtihal, ambaye kwake yeye karatasi ni kitu cha kufungia karanga. Vikohozi vyote vile vilikuwa vikiomba maji. Naye maji ya mwisho ya nyumba ameyachemshia tangawizi ya kutibu kikohozi.

Jikoni kulikuwa na sharubati, kulikuwa na chai ya maziwa, kulikuwa na kila kinachomiminika isipokuwa maji. Chupa zilikuwa mbele ya wageni, na hakuna namna ya kumnyang'anya mgeni chupa ukamweleza inakokwenda. Maji yaliyobaki yalikuwa ndani ya pipa, pipa lilikuwa uani kwa Tabia, na uani kwa Tabia hakufikiki ila kwa kutoka mlango wa mbele na kupita barazani, mbele ya wanaume wote.

Akakitua kikombe, akaenda mikono mitupu, haraka, kichwa chini. Wanaume wakadhani anafuata kitu cha kupikia. Alipoifunua ile khanga na kulichukua kopo, alikuta Sabiha amemfuata, amesimama upande wa pili wa pipa na ndoo mkononi. Alikuwa amesikia neno lile kutoka jikoni.

Mwaija akaanza kuchota huku akilia. Alisema yamekwisha, yamekwisha tena, mara ya kwanza mlango na mara ya pili maji, yeye ndiye anayemzuia mwanawe kuolewa. Sabiha alimwacha aseme mpaka ndoo ikafika nusu.

"Mama, Haidar hakuukataa mlango," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataa yeye."

Kopo likabaki hewani.

"Nilimwomba baba atafute sababu yoyote. Akatafuta, akaona mlango."

"Miaka yote hii," Mwaija akasema, "mkaniacha nautukana mlango?"

"Ulishampenda yule mtu. Nikaona heri uuchukie mlango kuliko kunichukia mimi."

Mwaija alimtazama. Angekuwa na mengi ya kusema, na mengine angeyasema kwa Bwanausi, na aliyasema baadaye, kwa muda mrefu. Lakini kulikuwa na mwanamke aliyechuchumaa gizani akimsubiri. Akauliza swali ambalo mama wengine huanza nalo.

"Na huyu?"

"Huyu namtaka," Sabiha akasema.

"Basi beba ndoo."

Kibaya chajitembeza, walisema wahenga, na siku ile kilijitembeza kweli. Mwaija angeweza kulificha kopo chini ya khanga. Alikuwa nayo begani. Hakulificha. Alitangulia, kopo limejaa mpaka kwenye kingo zilizoungua, ameliinua mbele ya kifua ili lisimwagike, na kamba ya katani ikining'inia. Nyuma yake alifuata mwari ambaye wageni walikuja kumwangalia, amepinda mgongo kwa uzito wa ndoo, miguu imelowa. Mzee Hamed aliinamia tasbihi yake na kuihesabu kwa bidii ya ghafla. Bwanausi alilitambua kopo, akafahamu, na kwa hofu akasahau kwamba yuko nyumbani: akatoa ile sauti ya mnadani, akiwataka watu wote wapishe njia maji yapite. Mtaa mzima ulisikia. Waliokuwa na haja ya samaki walitoka nje.

Azan aliinuka. Hakucheka. Aliishika ndoo mkononi mwa Sabiha, akaibeba mpaka mwanzo wa ukumbi, mahali ambapo mwanamume mgeni asingefaa kupita, akaitua hapo, na kanzu yake ilikuwa imelowa upande mzima.

Mwaija alifika mbele ya msala, Sabiha nyuma yake na ndoo tena mkononi. Akakohoa. Ndani kukakohoa. Mlango ukafunguka kiasi cha ndoo kupita, mkono ukatoka, ukapokea kopo. Ukatoka tena, ukapokea ndoo. Komeo likalia, na kwa mbali, chini ya kasida, ikasikika sauti ya maji, na Mwaija aliegemea ukuta akaona hajapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Bi Ibtihal alirudi sebuleni ametawadha, buibui limekaa sawasawa, uso hausomeki. Wanawake walitazama mikeka. Mwaija, kwa kukosa la kufanya, akamletea kile kikombe cha tangawizi, ambacho kilikuwa kimepoa. Bi Ibtihal akakinywa chote, bila haraka, akakirudisha juu ya sahani yake.

"Kikohozi changu, Mama Sabiha," akasema, "hakikuwa cha tangawizi."

"Najua, dada yangu. Nisamehe."

"Msala wako unafanana na duka la kaka yangu. Kila kitu kimo, na maji hakuna." Akatengeneza ushungi wake. "Ile rafu nawe umeuziwa? Sisi zetu zote zimerudishwa."

Mwaija hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Bi Ibtihal akauliza kopo lile lina miaka mingapi, akaambiwa halina hesabu. Akauliza ndoo ilibebwa na nani. Mwaija akasema ilibebwa na Sabiha, na akaongeza, maana uongo ulikuwa umeshamchosha, kwamba aliibeba kupita barazani mbele ya wanaume, na kwamba Azan alimpokea. Bi Ibtihal akamwambia Tabia azime redio, kwa sababu fatiha haisomwi juu ya kasida.

Wakati wa arusi sanduku la bibi arusi lilipoletwa, likiwa na khanga na udi na vyote vinavyopasa, juu kabisa, limefungwa kwa kitambaa cha hariri, kulikuwa na birika la shaba la kutawadhia, lenye shingo ndefu na mkono uliochongwa. Lilikuwa la mama yake Bi Ibtihal. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwaija alitahayari na akafurahi kwa wakati mmoja, akalipokea kwa mikono miwili kama alivyokishika kile kikombe. Sasa liko kabatini sebuleni kwake, nyuma ya kioo, na halijawahi kuguswa na maji. Mazoea hayana dawa.

Vile vya Kariakoo havikudumu. Zulia la manyoya liliota ukungu, likatupwa. Pomboo walififia mpaka wakabaki mapezi. Shatafu iliharibika siku ya kwanza maji yaliporudi kwa nguvu zote, ikamlowesha Bwanausi akiwa na nguo zake za Ijumaa. Pipa, ndoo na kopo vilirudi mahali pake bila mtu kutoa amri, na Mwaija akaendelea kwenda hotelini kukunja karatasi pembe tatu.

Sabiha alipohamia kwa mumewe, nyumba ikawa kubwa. Jioni moja akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, na Bwanausi, ambaye bado alikuwa akilipia uongo wake kwa kazi ndogondogo, akaona nafasi ya kumfurahisha mkewe. Akalishusha lile bati la juu ya banda la kuku, na kutu yake, na ndoano yake ya waya, akasema leo adui huyu anaondoka.

Mwaija alitoka jikoni akifuta mikono. Aliugusa ule mlango, mahali palipong'aa kwa kushikwa na watu watatu kwa miaka mingi, wakiwa wamesimama ndani na mkono mmoja tu wa ziada. Hata siku moja haukufunga vizuri. Kila aliyepita uani aliona vidole vya aliyekuwa ndani.

"Urudishe juu ya kuku," akamwambia mumewe. "Ulitusitiri."